Sauti na Itikio Lake: Uimbaji wa Dusty Springfield

Waingereza na Wamarekani huuita soul muziki uliokua kwa watu weusi wa Marekani katika miaka ya 1950, wakati nyimbo za kanisani zilipovuliwa kanzu ya ibada zikavikwa maneno ya mapenzi ya duniani. Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na neno hilo hujikuta ana maneno matatu mkononi, wala hapana hata moja litoshalo. Roho ni pumzi na uhai, tena ni ile isemwayo kuwa haifi. Nafsi ni mtu mwenyewe ajijuavyo. Moyo ni makao ya mapenzi na uchungu. Mwimbaji wa muziki huu hudaiwa yote matatu kwa wakati mmoja, na juu ya hayo hudaiwa jambo la nne ambalo neno la Kiingereza halilitaji kabisa, nalo ni watu wa kumwitikia. Katika makanisa ya watu weusi mhubiri hasemi peke yake. Hutupa neno, mkutano hulidaka na kumrudishia, naye hulipokea likiwa limezidi uzito. Kwa hiyo jina lifaalo zaidi kwa muziki huu pengine si muziki wa roho bali muziki wa kuitikiana, na msomaji ajuaye ngoma na kiitikio chake hana haja ya maelezo marefu.

Kipimo hicho cha itikio ndicho kifaacho kumpimia Dusty Springfield, mwanamke wa Kiingereza ambaye wachambuzi wengi wamemtanguliza mbele ya Waingereza wenzake walioimba soul. Sifa zake zimeandikwa sana, na aghalabu zimeandikwa juu ya santuri moja, Dusty in Memphis ya mwaka 1969. Sifa hizo ni za haki, lakini zimeliacha pembeni swali kubwa: mwimbaji aliyezaliwa nje ya mkutano ule, aliyelelewa Uingereza katika nyumba ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland, alimpata wapi wa kumwitikia?

Maisha yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1939, jina lake Mary Isobel Catherine Bernadette O'Brien, akafa tarehe 2 Machi 1999 kwa maradhi ya saratani ya matiti. Aliimba kwanza katika kundi la wasichana watatu lililoitwa Lana Sisters. Kisha mwaka 1960 akaungana na kaka yake Tom na mwenzao Tim Feild kuunda kundi la Springfields, ambalo nyimbo zake zilikuwa za mtindo wa kienyeji, safi na za kuchangamsha, zisizo na jeraha ndani yake. Mwaka 1962 kundi hilo lilipata jina hata Marekani. Katika safari ya huko Dusty aliusikia wimbo Tell Him wa kundi la Exciters, sauti ya mwanamke mweusi iliyotoka kifuani bila ya kuomba ruhusa, na baada ya hapo nyimbo za kuchangamsha hazikumtosha tena. Kundi likavunjika mwaka 1963. Mwezi wa Novemba wa mwaka huo alitoa wimbo wake wa kwanza akiwa peke yake, I Only Want to Be with You, na tarehe 1 Januari 1964 alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kipindi cha kwanza kabisa cha Top of the Pops katika televisheni ya BBC.

Santuri yake ndefu ya kwanza, A Girl Called Dusty ya mwaka 1964, ina wimbo mmoja ambao yafaa usikilizwe kuliko zile zilizosifiwa zaidi. Mockingbird ulikuwa wimbo wa ndugu wawili weusi wa Marekani, Inez na Charlie Foxx, waliouimba mwaka 1963, huyu akilikata neno na yule akilimalizia. Dusty aliimba sehemu zote mbili mwenyewe, sauti ya pili ikirekodiwa juu ya ile ya kwanza. Mtu asiyependa hila za mitambo ataona kuwa ni mchezo tu, na kwa kweli uchangamfu wake ni mwingi. Lakini mchezo huo waonyesha upungufu wenyewe. Huyu ni mwimbaji aliyeupenda muziki wa kuitikiana katika mji ambao waitikiaji walikuwa haba, akaamua kuwa kiongozi na mwitikiaji pia.

Upungufu wa namna hiyo si mgeni kwa wasomaji wa pwani. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya santuri, alifuatana na wapigaji wake, walakini watu wa kumtunza kwa fedha na kwa vigelegele walibaki ng'ambo ya bahari. Mtambo husikia kila kitu wala hauitikii neno.

Wanaisimu wana sababu yao ya kumsikiliza Dusty, nayo ni lafudhi. Peter Trudgill, katika uchunguzi alioutoa mwaka 1983, alionyesha kwamba waimbaji wa Kiingereza wa miaka ya 1960 walipoimba walijitahidi kutamka kama Wamarekani, wala hawakufaulu sawasawa. Mara waliitamka r iliyo baada ya irabu, ambayo Mwingereza wa kusini haitamki, mara waliisahau, mara waliitia hata pasipostahili kuwapo. Kwa Beatles alionyesha jinsi r hiyo ilivyopungua kadiri miaka ilivyopita. Tatizo la waimbaji hao lilikuwa la kielelezo. Waliiga Marekani kana kwamba ina usemi mmoja, ilhali watu weusi wa majimbo ya kusini, ambao muziki wenyewe ulikuwa wao, aghalabu waliiacha r hiyo kama aiachavyo mtu wa London.

Hapo ndipo Dusty aliposimama mahali pema, ama kwa akili ama kwa sikio tu. Katika Son of a Preacher Man, wimbo uliotolewa mwishoni mwa mwaka 1968, r ya mwisho wa neno preacher haikazwi. Msikilizaji wa kusini mwa Marekani husikia usemi ulio karibu na wake, msikilizaji wa London husikia hali kadhalika, na mwimbaji hakumdanganya hata mmoja wao. Waigaji wa siku zake walidhani soul imo katika matamshi ya konsonanti. Yeye aliitafuta katika pumzi na katika wakati. Huchelewa kidogo nyuma ya mapigo, huilegeza silabi ambayo wengine wangeikaza, na huacha nafasi mwishoni mwa mshororo kana kwamba anangoja jibu. Mtunzi wa Kiswahili aliyezoea mizani atafahamu kwamba hesabu ya silabi haikuharibiwa. Kilichosogezwa ni saa ya kuwasili kwake. The Look of Love wa mwaka 1967, uliotungwa na Burt Bacharach na Hal David kwa ajili ya filamu, umeimbwa kwa sauti ndogo kiasi cha kuwa msikilizaji huinama ili asikie, na kuinama huko ni namna ya kuitikia.

Hata hivyo studio ilimtesa. Aliweza kurudia mshororo mmoja mara nyingi mno, akatafuta mwangwi uliomridhisha popote ulipokuwa. Sauti ya You Don't Have to Say You Love Me, wimbo wa Kiitaliano wa Pino Donaggio uliotiwa maneno mapya ya Kiingereza na kushika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966, aliitoa akiwa kwenye ngazi za jengo la studio, kwa kuwa chumba chenyewe hakikumrudishia sauti yake ipasavyo. Waandishi wa maisha yake hulitaja jambo hili kama ajabu ya mtu mgumu. Lakini yuko wapi mwimbaji wa kuitikiana asiyetafuta ukuta wa kumjibu, ikiwa watu hawapo?

Watu walikuwapo wachache, nao ndio waliomfaa kuliko ukuta. Madeline Bell, mzaliwa wa Newark, alifika Uingereza mwaka 1962 pamoja na mchezo wa nyimbo za kanisani ulioitwa Black Nativity, akabaki huko. Yeye na Lesley Duncan, na kwa muda Doris Troy, ndio walioimba viitikio katika nyimbo nyingi za Dusty. Deni hilo lililipwa kwa njia ya kupendeza: Dusty naye aliingia studio kuwaitikia wenzake, na kwa kuwa mkataba wake haukumruhusu kutaja jina alijiita Gladys Thong. Mwimbaji mashuhuri akubaliye kuwa mwitikiaji asiye na jina ameufahamu muziki huu kuliko yule aushindaye kwa nguvu za koo.

Sasa hapana budi kulitazama tukio moja la jukwaani ambalo kwa kawaida huandikwa katika kurasa za siasa. Mwezi wa Desemba 1964 Dusty alikwenda Afrika Kusini na bendi yake ya Echoes. Mkataba ulikuwa na sharti alilolitaka yeye, kwamba hataimba mbele ya hadhira iliyotengwa kwa rangi. Karibu na Cape Town aliimba mbele ya watu waliochanganyika, serikali ya ubaguzi ikamwamuru kuondoka nchini, na safari ikakatika. Kwao Uingereza walikuwapo waliomsifu, na walikuwapo wasanii wenzake waliomlaumu kwamba amewaharibia wengine biashara. Mwaka uliofuata serikali hiyo ikakaza amri zake juu ya mikusanyiko ya namna hiyo.

Ushujaa wa tendo hilo haupingiki, wala si haki kulikuza likawa kubwa kuliko mateso ya wenyeji waliobaki pale baada ya ndege yake kuondoka. Lakini mhakiki wa muziki ana lake la kusema. Nyimbo alizochukua Dusty katika safari ile zilikuwa na deni kubwa kwa watu weusi wa Marekani. Kuziimba mbele ya watu weupe watupu, kwa amri ya serikali, kungekuwa ni kulikata itikio kutoka kwa watu walioufundisha ulimwengu kuitikia. Sharti lile la mkataba, basi, lilikuwa pia hukumu ya kisanaa: kwamba hadhira ni sehemu ya wimbo, na wimbo ulionyang'anywa hadhira yake umekwisha kuwa wimbo mwingine. Wachambuzi waliogawa maisha yake katika mafungu mawili, huku muziki na huku msimamo, wamekipasua kitu kimoja.

Hapa yafaa pia swali gumu liulizwe. Je, Dusty hakuwa miongoni mwa waliotajirika kwa nyimbo ambazo wanawake weusi walizitangulia kuziimba? Wishin' and Hopin' uliimbwa kwanza na Dionne Warwick, nao ukapata umaarufu mkubwa Marekani mwaka 1964 katika sauti ya Dusty. Mhakiki asimwachilie kwa urahisi, maana soko la siku zile lilimfungulia mlango mtu mweupe kabla hajabisha, na yeye aliingia. Linalompunguzia lawama ni kwamba hakuufunga mlango nyuma yake. Mapema mwaka 1965 waimbaji wa kampuni ya Motown ya Detroit walizuru Uingereza, na nje ya London viti vingi vilikuwa vitupu. Tarehe 28 Aprili 1965 kikaonyeshwa kipindi maalumu cha Ready Steady Go! kilichoitwa The Sound of Motown, Dusty akiwa mwenyeji, na waimbaji wakiwa Supremes, Temptations, Miracles, Stevie Wonder, na Martha Reeves na wenzake wa Vandellas. Picha zake zingalipo. Ndani yake Dusty anauimba wimbo ule ule wa Wishin' and Hopin' pamoja na Vandellas. Mwenyeji huyo hajifanyi mwalimu wa wageni wake. Ana furaha ya mtu aliyejiitikia mwenyewe mwaka mzima na sasa amepata sauti za kweli kandokando yake. Kwa kusikiliza tu, dakika zile ni bora kuliko wimbo wenyewe ulivyo katika santuri, ijapokuwa ala hazikupangwa vizuri hivyo.

Vipindi alivyoviongoza katika BBC mwaka 1966 na 1967 vyaonyesha umbo lake la jukwaani lilivyotengenea: nywele zilizopandishwa kama mnara, wanja mzito, mikono isiyotulia. Mikono hiyo imefanyiwa mzaha mwingi. Itazamwapo kwa makini huonekana kuwa ndiyo iliyoshika kazi ya mhubiri, yaani kulivuta jibu kutoka kwa watu waliokaa kwa adabu kama walioalikwa kunywa chai. Mwaka 1968, katika mfululizo mwingine wa televisheni, aliurudia wimbo wa Mockingbird, na safari hii mwitikiaji wake alikuwa Jimi Hendrix. Kwa bahati mbaya kilichosalia cha onyesho hilo ni vipande hafifu tu. Hasara hiyo ni kubwa, maana hapo ndipo ungeweza kupimwa umbali aliokwenda tangu siku aliyoimba sehemu zote mbili peke yake.

Kwa njia hii Dusty in Memphis husikika kwa namna nyingine. Mwezi wa Septemba 1968 alipelekwa American Sound Studio mjini Memphis, chini ya Jerry Wexler, Tom Dowd na Arif Mardin wa kampuni ya Atlantic. Wapigaji wa pale walizoea kuutengeneza wimbo kwa pamoja chumbani, mwimbaji akiwa kati yao. Yeye alizoea kuimba juu ya muziki uliokwisha kukamilika, masikioni mwake ukiwa umefunguliwa kwa sauti kuu. Alijikuta katika makao ya watu aliowaheshimu mno, akashindwa. Sauti za mwisho alizitoa New York, na viitikio vikaimbwa na Sweet Inspirations, kundi la Cissy Houston, wanawake waliolelewa na nyimbo za kanisani. Kwa hiyo santuri iliyobeba jina la Memphis haina sauti ya Dusty iliyomalizwa Memphis.

Wenye kupenda hadithi husema kwamba hofu hiyo ndiyo iliyompa santuri ile uzuri wake. Hoja hiyo ni dhaifu. Hofu imeharibu santuri nyingi bila ya kuipamba hata moja. Kilichofanyika ni kwamba kwa mara ya kwanza mpango wa ala ulimwachia nafasi. Wapangaji wa London walizoea kuijaza kila nafasi kwa vinanda na tarumbeta, hata jibu likawa halina mahali pa kuingilia. Wapigaji wa Memphis waliiacha nafasi hiyo wazi, na kundi la Cissy Houston likaijaza kwa kipimo. Son of a Preacher Man, ambao Aretha Franklin alipelekewa kwanza akaukataa, kisha akauimba baadaye, ulifika miongoni mwa kumi bora katika nchi zote mbili. Santuri nzima haikununuliwa sana. Heshima ilikuja polepole, hata mwaka 2020 Maktaba ya Bunge la Marekani ikatangaza kuiingiza katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa daima.

Miaka ya 1970 aliitumia kwa sehemu kubwa Marekani, na kisanaa ilikuwa miaka ya kiangazi. Alipopanda jukwaa la Royal Albert Hall tarehe 3 Desemba 1979, katika onyesho la hisani mbele ya Princess Margaret, alikuwa na miaka 40 na jina lake lilikuwa limefifia. Rekodi ya usiku huo ilitolewa mwaka 2005. Kama ni ushahidi wa koo, si bora: sauti imekuwa nzito, na ukumbi ni mkubwa mno kwa mwimbaji ambaye nguvu zake zimo katika unong'ono. Wahakiki wengine wameiacha kwa sababu hiyo, nao wamekosea, maana thamani yake imo upande wa pili wa jukwaa. Watu wanampokea kwa mapenzi ambayo studio haikupata kumpa. Wengi wa wafuasi wake waaminifu walikuwa wanaume wapendao wanaume, na imesimuliwa mara nyingi kwamba alitania usiku ule kuwa wenye taji hawakukaa katika roshani ya kifalme peke yake. Utani huo wategemea Kiingereza cha mtaani, ambacho huwaita wanaume wa namna hiyo kwa jina la malkia. Yasemekana Princess Margaret hakupendezwa. Mwanaisimu ataona kwamba hapo mwimbaji alitupa neno lenye maana mbili, na kila upande wa ukumbi ukalidaka kwa maana yake. Mkutano wake, alioukosa London ya mwaka 1964, ulikuwa umekwisha kukusanyika, wala haukutoka mahali ambapo mtu angeutazamia.

Miaka minane baadaye vijana wawili waliojiita Pet Shop Boys walimwomba aje kuimba nao, ijapokuwa wakubwa wa biashara walidhani zamani zake zimepita. What Have I Done to Deserve This? wa mwaka 1987 ulishika nafasi ya pili Uingereza na vilevile Marekani. Neil Tennant huanza beti kwa sauti nyembamba iliyo karibu na usemi wa kawaida, lafudhi yake ya Kiingereza ikiwa wazi bila ya kuigiza Amerika yoyote. Dusty hungoja. Aingiapo, sauti yake nzito huyajibu maneno ya kijana yule kama mtu mzima ajibuvyo malalamiko ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuyapitia, na santuri nzima hubadilika rangi. Katika wimbo huo yeye ndiye mwitikiaji, na safari hii jina lake halisi limeandikwa juu ya jalada.